Hesabu ya Sinki

Bwana Rweyongeza, habari za Bukoba.
Naandika tena. Safari hii sidai.

Ulikodi chumba cha mbele, nyumba yetu ya Isamilo,
ile tuliyoachiwa watoto watatu na mama mmoja,
jiko la wote, sebule ya wote,
mkataba wa ukurasa mmoja uliousaini ukiwa umesimama.
Siku ya tatu, siku ambayo wahenga humpa mgeni jembe,
wewe ulijipa panga.

Sangara wa kilo kumi na tisa kutoka mwaloni Kirumba,
ulimpandisha kilimani kwa bodaboda,
mkia ukifagia vumbi kati ya majabali.
Ulimlaza juu ya terazo
ukamkata kama mtu anayepasua kuni.
Minza alikuwa uani anafua, alisikia:
pigo, pigo,
halafu mlio ambao samaki hana.

Hukusema. Uliziba ufa kwa sabuni ya mche,
ukaondoka alfajiri na basi la kwanza,
ukatuachia nusu ya sangara kwenye friza.
Sabuni ikayeyuka. Ndiyo kazi yake.
Usiku uliofuata maji yakashuka, tone kwa tone,
hadi dari ya chumba cha chini,
na Ng'wasi, anayesomea uuguzi Bugando,
akaamshwa na kipande cha jipsamu
juu ya daftari lake la mifupa.

Kaka yangu Lushinge alitaka twende serikali ya mtaa.
Mdogo wetu akapiga simu kutoka Geita:
mgeni njoo, mwenyeji apone, sameheni.
Ni rahisi kusamehe ukiwa Geita.
Mimi nilipiga picha. Niliweka sarafu kando ya ufa
ili ujue ukubwa wake, nikaandika:

sinki, laki moja na arobaini na tano;
terazo, tisini;
dari, laki na kumi;
fundi Sayi na kijana wake, sitini;
bomba, ishirini na nane.
Jumla laki nne, thelathini na tatu elfu.
Toa amana yako, laki moja.
Risiti zote nimeambatanisha, zenye mihuri.

Nilijiandaa kwa ubishi.
Nilikuwa na majibu matatu, moja la kisheria.
Ulilipa jioni ileile, yote,
na maneno mawili: *Poleni sana.*

Sasa sikiliza, Bwana Rweyongeza.
Bomba halikuvunjwa na panga lako.
Lilikuwa linavuja tangu mfungo wa Kwaresima,
nilikuwa nalifunga kitambaa
na kujiambia Jumamosi, Jumamosi.
Nililiingiza katika orodha
kama mtu anayepenyeza mtoto wa jirani
kwenye mstari wa chanjo.

Na hilo si zito sana. Zito ni hili:
sinki lililopasuka halimwagi maji ambayo hayaji.
Ufa ulikuwa wako,
lakini tone lilikuwa langu.
Usiku mzima, nyumba imelala, jiko halina mtu,
ni bomba langu lililoulisha ufa wako
mpaka dari ikashiba.

Tangu Sayi afunge bomba jipya, jikoni kimya.
Naamka saa nane usiku kusikiliza
na hakuna ninachosikia,
na hicho ndicho kinachoniamsha.

Nimekutumia elfu themanini na tatu:
bomba lote, na nusu ya dari. Na ya kutolea.
Imetoka kwenye fungu langu, Lushinge hajui,
usimshukuru mkikutana.
Nusu nyingine ya dari ni yako, pamoja na sinki,
na terazo, na ile sabuni.

Sangara tulimla.
Minza alimpika kwa nyanya na ndimu,
Ng'wasi akapanda juu na sahani yake,
hata Lushinge aliongeza ugali mara mbili
huku akikutukana.
Alikuwa mtamu.
Nimekaa na kalamu tangu saa mbili,
sijui nimwandike upande gani.